Lulanga ya Bibi

Champlin, Minnesota
12 Januari 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia kwa mkono kama ulivyotaka, kisha nitazipiga picha kurasa hizi na kumtumia Jairus dukani kwake ili akuonyeshe kwenye simu yake. Tangu masikio yako yalipoanza kukusumbua nimegundua kuwa kukuandikia ni kutamu kuliko kupiga simu, maana hakuna anayenikatiza. Jairus, ukifika hapa, mpe Shangazi simu na wewe kawahudumie wateja wako. Haya ni mambo ya ndoa.

Shangazi, ndoa ni tamu! Mbona hamkuniambia mapema? Asubuhi, kabla sijatoka kwenda kazini, Byamungu wangu hutangulia nje kuniwashia gari ili nikute kiti kina joto. Hukwangua barafu kwenye kioo, lakini huacha kipande pembeni na kuandika herufi L kwa kidole. Mimi hukaa ndani ya gari nikiitazama hiyo L ikiyeyuka, na karibu kila siku nachelewa kwa wazee ninaowatunza Coon Rapids kwa sababu hiyo.

Tunaishi na mama yake, Mama Mukamana. Wao ni watu wa Kalehe, Kongo, ila Byamungu amekulia kambini Nyarugusu, huko kwetu Tanzania, Kigoma. Unakumbuka nilivyokusimulia siku ya harusi? Mama alininyanyua mkono mbele ya kanisa zima akasema, "Huyu ndiye bibi ya Byamungu!" Mimi, bibi! Nikajishika kichwa kama nimeota mvi. Kumbe kwao bibi ni mke. Walinicheka mpaka keki ikakatwa. Siku hizi nimejifunza Kiswahili chao, na nikiteleza nikasema "bibi yangu wa Muleba", Mama huuliza, "Eh, Leah, na weye uko na bibi?"

Sasa jambo lililonifanya niandike. Byamungu anafanya kazi kwenye karakana ya kutengeneza magitaa na fidla huko Saint Paul. Kabla ya Krismasi, mzee mmoja wa Eden Prairie alileta vitu vya marehemu mama yake, na kimojawapo hakuna aliyekijua. Bosi akamwambia Byamungu, "Wewe unatoka Afrika, kaa nacho nyumbani, utuambie ni nini, ukitengeneze." Byamungu alijibu kuwa hajui ni nini, lakini alikichukua.

Ni kama sinia refu, lenye kina kidogo, lililochongwa kwenye gogo moja. Ncha zote mbili zina mapengo kama meno. Lina matundu madogo chini, na ufa mrefu katikati. Mtu alikipaka rangi ya kung'aa na kupigilia ndoano nyuma, bila shaka alikitundika ukutani. Siku ya kwanza nilikikuta kwenye meza ya gereji kimefunikwa taulo, na nitakuambia wewe tu: nilidhani ni jeneza la mtoto.

Ningekuwa nimeshalisahau hilo. Lakini Mama alipokiona alijiziba mdomo, na tangu siku hiyo hapiti gereji. Anazunguka mlango wa mbele kwenye theluji, na magoti yake yale. Na Byamungu, anayeongea kama redio, amenyamaza. Hukaa nacho akipitisha kidole gumba kwenye yale meno. Nikimwita anakuja, ananibusu, lakini anabusu kama mtu aliyetumwa.

"Mpenzi, hiki ni nini?"

"Sijui, Leah."

Shangazi, sijawahi kumsikia akisema neno hilo hivyo, bila kunitazama. Nimechora picha ukurasa wa nyuma. Niambie kama unakijua.

Mwanao mwenye furaha na hofu,
Leah


Muleba
16 Januari 2025

Mwanangu Leah,

Marahaba. Nimecheka mpaka Jairus akadhani nimepaliwa. Jeneza! Hiyo ni enanga. Baba yako alikulea Tabata ukajua majina ya wachezaji wa mpira wa nchi nzima, enanga hukuonyeshwa. Hapa kwetu marehemu Enock alikuwa akiipiga kwenye harusi. Anailaza mapajani, anaimba sifa za watu na aibu zao pia, na ukijua umekosea unatoka nje mapema.

Mwambie mumeo asifunge nyuzi za gitaa moja moja, ataipasua kabisa. Hayo meno ni ya kupitishia uzi. Uzi wenyewe ni mmoja tu, mrefu, unaokwenda na kurudi mpaka meno yote yamejaa. Ukilegea mahali pamoja umelegea wote.

Nimeiangalia picha yako vizuri. Matundu ya chini si kama ya kwetu, na ncha zake ni nene. Ningesema inatoka ng'ambo, kwa watu wa Ziwa Kivu, maana nao wanayo. Na hapo ndipo sielewi. Mtu wa Kalehe asiijue? Labda alikuwa mdogo. Labda. Lakini mama yake hakujiziba mdomo kwa sababu ya kitu asichokijua.

Muulize. Usimuulize mlangoni umeshika mkoba. Mpe chakula, kaa chini, uliza, kisha nyamaza. Wewe tatizo lako ni hilo la mwisho.

Shangazi yako,
Brigitha

Leah, mimi sikusoma, ila macho yalipita tu. Hongera kwa gari lenye joto. Jairus.


Champlin
23 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sikumuuliza. Nilipika, nikakaa, nikafungua mdomo, nikamwomba chumvi. Naogopa asinijibu, na naogopa zaidi anijibu.

Jumanne nilirudi mapema kwa sababu ya theluji. Nilikuwa mlangoni navua mabuti nikawasikia jikoni, yeye na mama yake, wanazungumza kwa sauti ya chini. Nilibaki pale na buti moja mguuni. Najua ni vibaya kusikiliza.

Shangazi, mume wangu aliwahi kuwa na mke. Alikuwa na mke kabla yangu, kule kambini, na mke huyo alifariki mikononi mwake. Kile chombo kinafanana na cha huyo mke. Byamungu anasema sauti yake imo ndani. Mama yake anamsihi akitoe nyumbani kwa sababu alipofiwa alinyamaza mwaka mzima, hakusema neno hata moja kwa mtu yeyote, na anaogopa akikipiga atanyamaza tena na safari hii hatarudi. Kisha Mama akamuuliza kama amenieleza mimi. Akasema hapana.

Nilitoka tena nje, nikafunga mlango kwa nguvu kana kwamba ndiyo nafika. Byamungu akaja kunipokea, akanishika mashavu. "Umeganda, malaika wangu." Mikono yake ilikuwa inanukia gundi. Nilitabasamu. Sikujua kama ninaweza kutabasamu hivyo.

Tangu hapo siwezi kulala vizuri. Nikimwangalia usingizini nawaza, anamwota nani? Amekwisha kuondoa rangi yote, ameziba ufa, amekipaka nta, na jinsi chombo kinavyopona ndivyo yeye anavyozama. Jana hakuandika ile herufi kwenye kioo. Alikwangua barafu yote.

Nimeolewa Novemba. Hata picha za harusi hazijafika. Nami tayari nina mke mwenza aliyelala gereji.

Leah


Muleba
27 Januari 2025

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilimwomba Jairus atoke nje ya duka lake mwenyewe. Alitoka.

Kufiwa na mke si aibu. Angetuambia siku alipoleta posa tungempa pole na kumpenda zaidi. Kinachonitisha ni kuficha. Mwanamume akificha kitu kikubwa namna hiyo, hujui nyuma yake kuna nini kingine. Watoto? Deni la ukoo wa yule mke? Mimi niko mbali, siwezi kuja kukaa sebuleni kwako nikamtazama machoni.

Kama unaogopa kuwa naye, nenda kwa mtu unayemwamini ukatulie kidogo. Si kuondoka. Kutulia. Mwachie ujumbe ili asidhani umepotea kwenye barafu.

Lakini nifanyie jambo moja. Umeniandikia kama karani wa mahakama, kila kitu kwa muhtasari. Kuna mahali panakwaruza. Mama gani anamwozesha mwanawe mbele ya kanisa, anakunyanyua mkono kwa furaha namna ile, halafu asitaje? Niandikie maneno yenyewe, kama yalivyotoka vinywani mwao. Usinifasirie.

Brigitha


Coon Rapids
30 Januari 2025

Shangazi,

Nimeondoka. Nipo kwa Njeri, Mkenya tunayefanya naye kazi. Nililala kwenye kochi lake na paka wake miguuni. Nilimwachia Byamungu ujumbe: "Nipo salama, nahitaji kufikiri." Alinijibu, "Sawa." Kisha, baadaye: "Mama amekwenda kukaa kwa watu wa kanisa. Na wewe umekwenda. Nimebaki na gogo." Nililia mpaka paka akahama.

Njeri ananipikia chai na kunipigia kelele. "Wee Leah, acha kulia kwa kikombe, hiyo chai itakuwa supu. Umesema alisema aje?" Nikamwambia. Akapiga meza. "Basi imeisha hiyo! Bibi ni wife, hata sisi kwetu tunasema hivyo. Huyo jamaa alikuwa na bibi, na amekubania. Mimi ningemwaga hiyo mbao yake kwa snow."

Haya, maneno yenyewe. Sitayasahau.

Byamungu: "Mama, acha. Hii ni kama lulanga ya Bibi. Sauti ya bibi yangu imo humu ndani, naisikia hata bila uzi."

Mama: "Bibi alikufa. Muache apumuzike. Towa ile kitu mu nyumba."

Byamungu: "Alikufa nimeshika. Unajua nilikuwa nimeshika."

Mama: "Ndiyo sababu! Ile mwaka ulinyamaza. Nilikuwa nakuita, unaniangalia tu kama muti. Ile lulanga itakufunga tena mudomo." Kisha: "Na Leah? Ulimwambiyaka?"

Byamungu: "Sijamwambia. Nitaanzia wapi?"

Ni hayo tu. Sasa unajua kila kitu. Kumbe kinaitwa lulanga, na anakijua, na alinitazama akasema hakijui.

Naogopa, Shangazi. Sikuogopa hivi hata siku ndege ilipoanguka-anguka mawinguni nikija huku. Siogopi marehemu. Naogopa kwamba nampenda mtu ambaye sehemu yake nzuri zaidi ilizikwa Nyarugusu, na mimi nimepewa iliyobaki.

Leah


Muleba
31 Januari 2025

Leah,

Wewe mtoto. Wewe mtoto, wewe!

Uliniandikia "mke". Hukuniandikia "bibi".

Mama yake akisema bibi, anasema mke, sawa. Njeri akisema bibi, anasema mke, sawa. Lakini aliyesema "bibi yangu" si mama wala Njeri, ni Byamungu, mtu aliyesoma shule Kigoma. Wamekucheka kwa neno hilo mpaka ukalitupa, sasa hata likija kwa maana yako mwenyewe hulitambui.

Inawezekana nimekosea. Mimi siko huko. Lakini kabla hujaogopa kitu kingine chochote, rudi ukamuulize yeye neno hilo moja tu. Na uendeshe polepole.

Brigitha


Champlin
9 Februari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Nilitaka kukuandikia nikiwa na uhakika kuwa simulizi hii imekwisha.

Niliposoma barua yako nilichukua funguo bila kuvaa hata glavu. Nilivuka daraja la Mississippi barafu ikilia chini ya matairi, na njia nzima nilikuwa nikijiambia, Shangazi amekosea, jiandae. Nilikuta gereji iko wazi nusu. Alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo, koti mwilini, lile gogo mapajani. Wala sikumpa chakula, wala sikukaa. Niliuliza nimesimama na mkoba begani, vile vile ulivyonikataza.

"Bibi yako alikuwa nani?"

Akanitazama kana kwamba nimempiga. "Bibi yangu ni wewe."

"Usinichezee, Byamungu. Yule aliyekufa."

Kidole gumba chake kikasimama kwenye meno ya lulanga. Kisha akasema polepole, "Leah. Kwenu Tanzania, bibi ni nani?"

"Mama yake mama. Au mama yake baba."

"Basi?"

Shangazi, sijui nilifanya sura gani. Alicheka, mara ya kwanza tangu Krismasi, akacheka mpaka akalaza kichwa juu ya lulanga, na nilipomgusa bega nikagundua kuwa hacheki tena. Alikuwa analia. Nilikaa chini kwenye sakafu ya saruji na koti langu zuri la harusini, nikamsikiliza.

Ni mama yake baba yake. Watoto wa shule ya kambini walikuwa wakimwita Bibi, kwa Kiswahili cha Kigoma, na jina likamganda hadi Mama Mukamana, mkwe wake, akawa anamwita hivyo. Alikimbia Kalehe na lulanga kichwani wakati wengine walibeba sufuria. Jioni aliwapigia watu wasio na kwao. Siku moja ya mvua uzi ulikatika. Akapata mwingine, akaupitisha kwenye meno, na mwisho wake akampa Byamungu aushike wakati anakaza. Kwa sababu uzi ni mmoja, lazima mtu ashike mkia mpaka mwenzake amalize kupatanisha sauti zote ndipo afunge fundo. Akamwambia, "Usiachie mpaka nikuambie." Kisha akainama kidogo, kama anasikiliza sauti. Hakuinuka.

Byamungu alikuwa mtoto. Hakuachia. Watu walikuja, wakamlaza Bibi chini, wakaanza kulia, naye ameshika tu. Ilibidi mama yake amfungue vidole kimoja kimoja. Baada ya hapo hakusema neno mwaka mzima. Lulanga yenyewe iliungua pamoja na kibanda chao, miezi michache baadaye.

"Kwa nini uliniambia hujui?"

"Ningesema najua ungeniuliza imetoka wapi, nami ningelazimika kukueleza. Na nilipojaribu kueleza, niliona koo linafunga kama zamani. Niliogopa, Leah. Tumeoana juzi. Nilitaka unione mtu mzima."

Hii si ya Bibi. Nani aliichonga, hatutajua. Anatambua mkono wa watu wa Kivu kwenye ncha zake, na hapo ndipo ujuzi wake unapoishia. Mwenyewe wa Eden Prairie anakuja kuichukua wiki ijayo, na Byamungu ameshamwambia inaitwaje.

Lakini ilikuwa bado haina uzi. Alikuwa amekwisha kuununua, uzi wa utumbo wa kondoo unaotumika kwa fidla za zamani, na kila siku alikuwa akiurudisha kwenye pakiti. Mama alirudi Jumapili baada ya ibada. Tulimwambia tunataka kuifunga uzi. Alivuta kiti akakikalia kizingitini, mguu mmoja jikoni na mmoja gereji, akafumba macho.

Byamungu aliulowanisha uzi, akaupitisha kwenda na kurudi mpaka meno yamejaa. Kisha akanipa mkia.

Sijawahi kushika kitu cha kutisha kama ule uzi. Ulikuwa unavuta kama una uhai. Nikaona uso wake unabadilika, na nikamwona Mama amefumbua macho. Ili kupatanisha sauti inabidi mpigaji aimbe, kila mzunguko aufuatishe na koo lake mwenyewe. Hakuna mashine ya kukusaidia. Akagusa mzunguko wa kwanza wa uzi. Akafungua mdomo.

Hakuna kitu kilichotoka.

Akajaribu tena. Nikaona koo linapanda na kushuka. Macho yake yalikuwa kwangu lakini hayakuwa yakiniona, na nikafikiri, ameondoka, Mama alikuwa anasema kweli, nimempoteza, na nimempoteza nikiwa nimeshika uzi huu. Nilitaka kuutupa nimkumbatie. Nilijua pia kuwa nikiuachia, kila alichokaza kitaachia.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu. Mama, aliyekataa hata kupita gereji, alikuwa anaimba kwa pua, chini chini, kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. Halafu maneno, kwa lugha yao. Sauti yake ilikwaruza na kupotea njia. Byamungu akageuza kichwa. Midomo ikaanza kumfuata mama yake bila sauti, kisha na pumzi, kisha nikamsikia. Haikuwa nzuri, Shangazi, ilikuwa kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa. Akagusa mzunguko wa kwanza, akaukaza, wa pili, akaukaza. Wakaimba hivyo wawili, yeye na mama yake, na mimi katikati nimeshika, machozi yananidondokea mikononi nisiweze hata kujifuta.

Alipofika meno ya mwisho alichukua muda mrefu. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Akazungusha mkia, akafunga fundo, akalijaribu, akalijaribu tena. Akaniangalia, na safari hii aliniona.

"Sasa achia," akasema.

Nilitaka kuachia, lakini vidole vilikataa. Akaiweka lulanga chini, akaja akapiga magoti mbele yangu, akanifungua kimoja kimoja.

Wako,
Leah